Kumshinda Mwenzako: Klabu za Baiskeli na Swali la Mashindano

Mbio za baiskeli ni taabu ya kujitakia. Mtu hutoka nyumbani alfajiri ya Jumapili, huzunguka kilomita 80 au 100, kisha hurudi palepale alipotoka bila mzigo aliofikisha wala senti aliyopata. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, aliueleza mchezo kuwa jitihada ya hiari ya kuvuka vizuizi ambavyo havikuwa na ulazima wowote. Mcheza gofu angeweza kuutia mpira shimoni kwa mkono; mkimbiaji wa mita 400 angeweza kukata katikati ya uwanja. Hawafanyi hivyo kwa sababu wamekubali kanuni zinazoifanya kazi rahisi iwe ngumu, na wamezikubali ili mchezo uwepo.

Maelezo hayo yanakaa vizuri mahali ambapo taabu imepungua hadi watu wanaitafuta. Olympic si mahali pa namna hiyo. Mtaa huu uko upande wa magharibi wa Kibera, Nairobi, ukiwa na steji yake ya matatu na shule ya msingi yenye jina hilohilo. Kaskazini yake, ng'ambo ya Ngong Road, iko Kawangware. Katika mitaa hii miwili baiskeli ni chombo cha kazi. Muuza mkate hufunga sanduku kwenye karia na kupita dukani hadi dukani. Fundi hubeba zana zake. Mlinzi huiendesha hadi kwenye geti la Lavington kwa zamu ya usiku. Mara nyingi baiskeli yenyewe ni black mamba: fremu ya chuma, gia moja, karia inayobeba gunia, na uzito unaomfanya mwenyewe ashuke na kuisukuma mlima unapozidi. Kwa watu hawa mlima si kizuizi cha hiari. Ni nauli waliyoiokoa.

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapopata uzito wake. Kama maisha tayari yana milima ya kutosha, kujiongezea mmoja kwa hiari ni upuuzi au ni uhuru? Na kama ni uhuru, kwa nini uchukue sura ya kumshinda mtu mwingine badala ya kuzunguka tu kwa raha? Klabu za baiskeli za Nairobi na viunga vyake hazikuundwa ili kujibu maswali ya wanafalsafa. Hata hivyo, kila zinapomchukua mtu asiyewahi kushindana na kumfikisha kwenye mstari wa kuanzia, zinakuwa zimetoa jibu kwa vitendo, na jibu hilo linafaa kuchunguzwa.

Mfano unaojulikana zaidi Kenya ni wa Mai-a-Ihii, huko Kikuyu, magharibi ya Nairobi; reli inayoikata Kibera ndiyo hiyo inayoendelea hadi Kikuyu. Hapo David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, aliifanya nyumba yake kuwa klabu iitwayo Safari Simbaz. Watoto wa kijijini walifika, na kazi yao ya kwanza ilikuwa ya mikono: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kusafisha cheni, kukusanya baiskeli moja kutoka kwenye mabaki ya tatu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipelekwa kwa Kinjah na mama yake akiwa bado mdogo, akajifunza pamoja na vijana wa pale. Baadaye alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa tayari anaendesha kwa leseni ya Uingereza.

Ushindi huo umeifanya habari ya Mai-a-Ihii isomwe kichwa chini miguu juu, kana kwamba nyumba ile ilikuwepo ili imzae bingwa mmoja. Wengi wa waliopita pale hawakufika Ulaya, na nyumba haikufungwa kwa sababu hiyo. Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake After Virtue cha mwaka 1981, anatoa tofauti inayosaidia kuelewa hali hii. Kila shughuli yenye mapokeo ina mema ya nje, kama fedha na sifa, ambayo yangeweza kupatikana kwa njia nyingine. Na ina mema ya ndani, ambayo hayapatikani ila kwa kuifanya shughuli yenyewe na kuifanya vizuri. Anamtaja mtoto anayefundishwa sataranji kwa ahadi ya peremende. Mwanzoni mtoto hucheza kwa ajili ya peremende, na akipata nafasi ya kuiba mchezo ataiba. Siku atakapouona uzuri wa sataranji yenyewe, kuiba kutakuwa ni kujiibia.

Mwanagenzi wa baiskeli hupita njia iyo hiyo. Huja kwa mambo ya nje: daktari amemwambia apunguze uzito, rafiki ameweka picha mtandaoni, au amesikia kuwa mshindi wa mbio fulani alipewa fedha. (Wengine huja kwa sababu ya mavazi, ingawa ile kaptura inayobana huwafukuza wengi kuliko inavyowaita.) Klabu haimkatazi sababu zake. Inamweka tu karibu na watu wanaofurahia jambo ambalo yeye bado halioni, kwa mfano kubadilisha gia kabla ya mlima na si katikati yake, au kuingia kona ya changarawe bila kugusa breki ya mbele. Baada ya miezi michache macho yake huanza kuyaona. Mwanagenzi aliyefika hapo anaweza kuzielewa mbio, kwa kuwa sasa anajua ni nini kinachopimwa.

Msomi huingia kwa mlango mwingine, na katika Kibera mlango huo una historia. Ni sehemu chache za Nairobi zilizohojiwa, kuhesabiwa na kuandikiwa tasnifu kama Kibera. Kwa miaka mingi idadi ya wakazi wake ilitajwa kuwa milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilitoa watu 170,070, na mabishano juu ya takwimu hizo hayajaisha. Wakazi wamezoea kumwona mtu wa chuo kikuu akiwa na dodoso mkononi, akiuliza maswali ambayo majibu yake yatasomwa kwingine. Klabu ya baiskeli ni mojawapo ya mahali pachache ambapo uhusiano huo unageuka: msomi anakuja kupimwa, na wanaompima ni watu ambao huenda waliacha shule mapema.

Anachokutana nacho hapo ni ujuzi wa aina ambayo vitabu vyake vimeutaja bila kuweza kuutoa. Gilbert Ryle, katika The Concept of Mind ya mwaka 1949, alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua namna ya kulifanya. Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeukia falsafa, aliichukua baiskeli yenyewe kuwa mfano katika Personal Knowledge ya mwaka 1958. Mwendeshaji anayeanza kuangukia upande mmoja hugeuza usukani upande uleule, na kwa kila kiasi cha kuinama, ukali wa kona anayopaswa kuipiga hupungua kwa kadiri ya mraba wa kasi yake. Kanuni hiyo ni sahihi, alisema Polanyi, lakini haimfundishi mtu yeyote kuendesha baiskeli, na karibu kila anayeendesha haijui. Tena fizikia yenyewe haijatulia. Mwaka 2011 watafiti wakiwemo wa Delft na Cornell walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli ndogo waliyoitengeneza ili iondolewe mambo mawili yaliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ndiyo yanayoisimamisha, yaani msukumo wa gurudumu linalozunguka na namna gurudumu la mbele linavyofuata nyuma ya mhimili wa usukani. Ikajisimamia vilevile. Baiskeli ilikuwa imeendeshwa kwa zaidi ya karne moja kabla ya wanaoichunguza kujua vizuri ni kwa nini haianguki.

Kwa hiyo mhadhiri anayejiunga na klabu anaweza kuzijua hesabu zote za nguvu na upepo na bado akaachwa kwenye kona ya kwanza na kijana anayeuza mkate. Wapo wanaokasirika na kutorudi. Wanaobaki mara nyingi ni wale wanaogundua kuwa wamepata tena kitu walichokipoteza baada ya shahada ya mwisho: hadhi ya kutojua. Chuoni mtu wa cheo hicho hawezi kuuliza swali la kijinga hadharani. Klabuni, asipouliza atapasua tairi.

Falsafa ya Kenya ina mtu aliyelitazama jambo hili mapema. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa 1944 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 1995, alipinga dhana kwamba falsafa haiwezi kuwepo pasipo maandishi. Aliwatafuta wazee wenye busara, baadhi yao wakiwa hawakusoma shule, akaandika mazungumzo yao na kuyachapisha mwaka 1990 katika Sage Philosophy. Jambo linalosahauliwa katika kazi yake ni kwamba hakumheshimu kila mzee kwa kuwa ni mzee. Alimtenga yule anayezijua mila za watu wake na kuzisimulia vizuri, na yule anayeweza kuzihoji, kuzipima na kuzikataa zinapokosa sababu. Wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Tofauti hiyo inafaa kwa mafundi wa klabu pia. Kuna anayesema tairi hujazwa hivi kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, na kuna anayeeleza kwa nini upepo upunguzwe kidogo kwenye barabara ya murram na uongezwe kwenye lami, kisha akakubali kusahihishwa ikiwa njia ya siku hiyo imeonyesha vingine. Huyu wa pili ndiye anayemfanya msomi abaki, maana anamtambua: ni mtu wa kazi yake mwenyewe, aliyevaa ovaroli.

Mpaka hapa haijaelezwa kwa nini mtu ashindane. Nairobi kuna matembezi ya baiskeli yasiyo na mshindi. Yale ya Critical Mass hukusanya waendeshaji wengi mara moja kwa mwezi na kupita katikati ya jiji ili kudai nafasi barabarani. Ni jambo jema, na watu wengi hupandia baiskeli hapo kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Kama lengo ni ushirika, linatimia hapo bila mtu kumwacha mtu. Hoja ya klabu ni kwamba ushirika una kina ambacho hakifikiwi kwa mwendo wa matembezi, na kina hicho kinahusu upepo.

Nguvu ya upepo inayompinga mwendeshaji huongezeka kwa mraba wa kasi yake, na kazi anayohitaji kuishinda huongezeka zaidi ya hapo. Kwenye barabara tambarare, mtu akipita kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho lake inaishia kusukuma hewa. Anayemfuata karibu hulipa kidogo kuliko yeye. Mwaka 2018 Bert Blocken wa Eindhoven na wenzake walichapisha vipimo vya kundi la waendeshaji 121, wakaonyesha kuwa walio ndani sana ya kundi hukutana na upinzani wa hewa wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule unaomkabili mtu aliye peke yake. Maana yake ni kwamba aliye mbele anawalipia wote. Waendeshaji hupokezana zamu: kila mmoja hukaa mbele kwa muda, husogea kando, huteremka hadi nyuma ya mstari na kupumzika mpaka zamu yake irudi. Hakuna anayelazimishwa. Mtu anaweza kujificha nyuma asubuhi nzima, na hakuna kifungu cha kanuni kinachomzuia. Ila kila mtu atakuwa amemwona.

Elimu ya maadili inayopatikana hapo ni ya aina yake. Kuendesha nyuma ya mwenzako kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, gurudumu lako likiwa karibu na lake kwa upana wa kiganja, ni kumwamini kwa mwili. Huoni shimo lililo mbele yake. Unategemea mkono wake ukuonyeshe. Kwenye njia inayopita Kiserian na kuvuka Kona Baridi kuelekea Magadi, ambako barabara huteremka kuingia Bonde la Ufa, mkono huo ukisahau mara moja kuna watakaolala hospitalini. Mtu huweza kuishi mjini miaka mingi bila kumwamini jirani kwa kiwango hicho.

Mashindano huota kwenye udongo huu, na hapo ndipo fumbo lilipo. Yule ambaye utajaribu kumshinda kwenye mita 200 za mwisho ndiye aliyekukinga upepo kwa kilomita 60, na bila yeye usingefika hapo ukiwa na nguvu za kujaribu. Guillaume Martin, Mfaransa mwenye shahada ya uzamili ya falsafa aliyemaliza wa nane katika Tour de France ya mwaka 2021, aliandika mwaka huohuo kitabu kizima, La Société du peloton, juu ya mtu binafsi ndani ya kundi la namna hii. Suala halihitaji kutatuliwa kwa kuchagua upande. Mshindani mwema humtaka mpinzani awe katika ubora wake, kwa kuwa kumshinda mtu aliyepata pancha hakumwelezi chochote. Jitihada za mmoja ni kipimo cha mwenzake. Kila mmoja anamfanyia mwingine kazi ambayo hawezi kujifanyia mwenyewe. Mtu anayepanda mlima peke yake daima hujidanganya kidogo juu ya mwisho wa nguvu zake.

Hivyo ndivyo klabu inavyowavuta watu kwenye mbio, na ni nadra kufanya hivyo kwa hotuba. Mwanagenzi huachwa nyuma wiki ya kwanza, na kundi humsubiri juu ya mlima. Wiki nyingine anaachwa mbali kidogo zaidi ya pale. Siku moja anafika na wenzake, na hapo wanaongeza mwendo, kama ilivyo desturi. Kuna kibao cha barabarani ambacho kila mtu anajua ndicho mwisho wa mbio zisizotangazwa, na Jumapili fulani anajikuta anakikimbilia pamoja nao. Atakapobandikwa namba mgongoni miezi sita baadaye, atakuwa amekwisha kushindana mara nyingi bila kuambiwa. Asiye na klabu huziona mbio kama mtihani wa wageni. Aliye nayo huziona kama mazungumzo aliyokwisha kuyazoea, yakifanywa kwa sauti ya juu.

Kwa msomi kuna kivutio cha ziada. Maisha ya chuo yamejaa hukumu ambazo hazina mwisho: makala iliyokataliwa na mhakiki asiyejulikana, cheo kilichocheleweshwa na kamati. Matokeo ya mbio hutoka siku ileile na hayana mhakiki. Anna Kiesenhofer wa Austria, mwenye shahada ya udaktari ya hisabati kutoka chuo cha Barcelona na wakati huo mtafiti huko Lausanne, alishinda medali ya dhahabu ya mbio za barabarani za wanawake katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, bila kuwa na timu ya kulipwa. Alitoroka tangu mwanzo, na waliokuwa nyuma wakamsahau. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari akishangilia, akidhani ameshinda. Kisa hicho hupendwa na wasomi, mara nyingi kwa sababu mbaya. Hukielewa kuwa ushindi wa akili juu ya miguu, au wa mtu mmoja juu ya kundi. Kiesenhofer alikuwa ameanza mbio za barabarani katika timu ya wasiolipwa huko Catalonia alipokuwa akisoma, na hapo alijifunza jinsi kundi linavyofikiri. Asingeweza kubashiri usahaulifu wao kama hakuwahi kuwa mmoja wao.

Gharama ya jambo hili pia ni ya kweli. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017 na baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa kuwafungulia njia waendeshaji wa Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Kwa Waislamu na Wakristo mwili ni amana, na mtu haruhusiwi kuichezea amana asiyoimiliki. Hoja hiyo haipigi marufuku hatari yote, kwani mvuvi na mjenzi pia huhatarisha. Inauliza kama hatari imepunguzwa kadiri inavyowezekana na kama kinachotafutwa kina thamani inayolingana nayo. Sehemu ya kwanza klabu inaweza kuijibu: helmeti, mkono unaoonyesha shimo, mwanagenzi kutoruhusiwa kwenye mteremko wa kasi kabla ya kujua breki. Sehemu ya pili kila mmoja hujibu kwa niaba yake, na familia yake ina haki ya kutokubaliana naye.

Dini zina maswali mengine kuhusu mashindano. La kwanza ni la saa. Barabara za Nairobi hutulia Jumapili asubuhi, na ndiyo sababu klabu nyingi hutoka wakati huo, saa ambayo makanisa nayo yanawaita watu haohao. Wapo wanaotoka gizani ili wawahi ibada ya pili. Waadventista, ambao ni wengi katika Kibera, hawana tatizo na Jumapili ila mbio za Jumamosi huwakosa.

La pili ni la kiburi. Mtume Paulo, akiwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa jirani na michezo mikubwa ya Isthmia, alitumia mfano wa wakimbiaji ambao mmoja wao tu hupokea tuzo, akaitofautisha taji inayonyauka na isiyonyauka. Mfano huo hutajwa sana mimbarini, na ugumu wake hupitwa haraka: katika imani, kufika kwa mmoja hakumzuii mwingine kufika, ilhali kwenye utepe kunamzuia. Klabu yenye afya inakaa katikati ya hali hizo mbili. Karibu kila kitu inachotoa, yaani ustadi, pumzi, urafiki na heshima, hakipungui kwa kugawanywa. Nafasi ya kwanza pekee ndiyo haigawanyiki, na klabu inayoifanya nafasi hiyo kuwa kitu chake chote hubaki na watu watatu.

La tatu ni la zawadi, na hapo fikihi ya Kiislamu imekwenda mbali kuliko falsafa nyingi za michezo. Swali hili si geni Kibera, ambayo mizizi yake ni makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, Waislamu ambao wajukuu zao wangali pale. Kushindana kwenyewe hakuna ubishi: imepokewa kuwa Mtume Muhammad alishindana mbio na mkewe Aisha, na mara ya kwanza Aisha akamshinda. Ubishi ni juu ya mali. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inataja mambo matatu yanayofaa zawadi: ngamia, farasi na mishale. Wengine waliishia kwenye matatu hayo kwa kuwa ni mazoezi ya vita. Wengine, kwa njia ya kulinganisha, waliyapanua. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima, al-Furusiyya, kuhusu masuala haya. Linalokubaliwa na wengi ni tofauti kati ya vyanzo viwili vya fedha. Zawadi ikitolewa na mtu wa nje, kama mtawala au mfadhili, washindani hawakuhatarisha kitu na hakuna kamari. Washindani wenyewe wakichanga na mmoja akachukua vyote, kila mmoja wao ama anapata ama anapoteza, na hiyo ndiyo sura ya kamari; mafakihi wengi waliikataa mpaka aingie mshindani mwingine asiyetoa chochote na mwenye uwezo halisi wa kushinda.

Tuseme watu 30 wanalipa kiingilio cha shilingi 500 kila mmoja. Kikitumika kununua namba, maji na huduma ya kwanza, na bahasha ya mshindi ikatoka kwa mwenye duka la vipuri, mizani inatulia. Shilingi 15,000 zilezile zikiwekwa kwenye bahasha, hukumu inabadilika, ingawa barabara, baiskeli na watu hawakubadilika. Waandaaji wengi hawalifikirii jambo hili kabisa, na wangefanya vizuri kulifikiria hata kama hakuna Mwislamu hata mmoja kwenye orodha.

Fikihi iliongeza sharti jingine lenye uzito zaidi kwa mitaa kama Olympic na Kawangware: kila mshindani lazima awe na uwezekano wa kushinda. Ikijulikana mapema kuwa farasi huyu hawezi kumpita yule, hapakuwa na mashindano, na zawadi haifai. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, limehangaika na swali hilohilo kwa njia za kiufundi. Tangu mwaka 2000 limeweka uzito wa chini wa baiskeli ya mbio kuwa kilo 6.8. Mwaka huohuo liliamuru kuwa rekodi ya saa moja ihesabiwe kwa baiskeli ya muundo aliotumia Eddy Merckx mwaka 1972, kisha likaiondoa amri hiyo mwaka 2014. Tofauti zinazolisumbua UCI ni za gramu na sentimita. Kati ya baiskeli ya kaboni iliyoletwa kwa ndege na black mamba ya kubebea mkate, tofauti ni ya zaidi ya kilo kumi na gia zote isipokuwa moja.

Ndiyo maana baadhi ya mbio za Kenya hutenga kundi la black mamba peke yake, lenye mstari wake wa kuanzia na zawadi zake. Watazamaji wengine huliona kuwa kichekesho kabla ya mbio za kweli. Kwa kipimo cha mafakihi, hilo ndilo kundi lililo karibu zaidi na mashindano halali siku hiyo, kwa kuwa hapo chombo hakijaamua matokeo kabla ya miguu. Njia nyingine ni klabu kumiliki baiskeli chache za mbio na kuziazima kwa zamu, kazi inayotegemea sana mafundi na vipuri vya mtumba. Njia ya tatu ni kuwatanguliza wanyonge kwa dakika kadhaa na kuwaachia wenye nguvu mwisho wawafukuze. Wenye nguvu hulalamika kwamba utaratibu huo humpa utepe mtu asiye bora, na lalamiko lao lina msingi. Mbio za Melbourne hadi Warrnambool nchini Australia, zilizoanza mwaka 1895, ziliendeshwa kwa njia hiyo kwa takriban karne nzima, na zilimaliza ugomvi kwa kutoa heshima mbili: moja kwa aliyevuka mstari kwanza, nyingine kwa aliyetumia muda mfupi zaidi. Klabu yenye wanagenzi, wahadhiri na mabingwa wa zamani barabarani kwa wakati mmoja inaweza kufanya vivyo hivyo, na kuandika majina mawili kwenye karatasi ya matokeo.